Ndege ya Kuua Ndege

Jumatatu, 3 Machi

Nimewaona. Kundi dogo lilitua kwenye mtama wa Mama mwenye nyumba, likainuka tena kama shuka linalokung'utwa uani. Nilitaka kujidanganya kwamba ni ndege wa kawaida, wale wanaodonoa punje mbili tatu na kwenda zao. Lakini mmoja alitua kwenye bua karibu nami, nikauona mdomo wake, mwekundu kama uliopakwa rangi ya kucha. Kweleakwelea.

Mtama ndiyo kwanza unatia maziwa. Ukibonyeza punje linatoka tone jeupe. Hapo ndipo wanapoupenda.

Mama alikuwa juu ya dungu, kile kichanja cha miti anachopanda kuamia shamba, kufukuza ndege.

"Mwanangu, ni wao?"

Mimi ndiye bibi shamba wa eneo hili, mtu wa serikali, ninayelipwa ili nijue. Nikamjibu, "Tuangalie kesho, Mama." Najichukia ninapojibu kama ofisi.

Jumanne, 4 Machi

Ni wao. Nimempigia simu mkuu wa idara.

Ijumaa, 7 Machi

Mkuu wa idara tunamwita Bwana Maelekezo, maana hata ukimwambia nyumba inaungua atakwambia subiri maelekezo. Leo yamekuja, na nayaandika ili yatulie kichwani.

Mkulima haruhusiwi kutega sumu wala kupuliza dawa mwenyewe. Kazi ya kuua kweleakwelea ni ya serikali, kwa ndege maalumu, na ndege yenyewe ni moja kwa mkoa mzima. Itakuja tu nikishapata mahali kundi linapolala, na nikithibitisha kwamba hakuna anayeishi wala kuchota maji karibu na hapo. Kama wapo, waelezwe, wakubali, wahamishwe mpaka dawa iishe nguvu. Ndege wakifa, wafukiwe, wasiliwe. Na siku yenyewe lazima awepo mtu chini wa kuangalia upepo na kumpa rubani ruhusa. Mtu huyo ni mimi.

Sioni kosa ndani ya maelekezo haya. Chuoni ningeyapigia makofi. Ila chuoni sikuwa na mtu aliyesimama juu ya dungu akinitazama usoni.

Kwenye mkutano mwenyekiti wa kijiji alifupisha yote: "Kwa hiyo tunangoja ndege ije iue ndege." Watu wakacheka. Mzee mmoja akauliza, "Na hawa wasipokubali kuingoja hiyo?" Wakacheka tena, lakini si wote.

Jumapili, 9 Machi

Sauti ya Mama imekauka kwa kufukuza ndege. Mtaani wanamwita Mama King'ora. Leo anazungumza kwa kunong'ona, na nyumba nzima imekuwa kama ina mgonjwa.

Jumanne, 11 Machi

Nimewapata wanapolala. Jioni niliazima baiskeli nikalifuata kundi kwa macho, nikianguka mara moja kwenye mtaro, mpaka kwenye bwawa lenye matete upande wa pili wa barabara ya shule. Nilisikia kabla sijaona: sauti kama mvua kubwa juu ya bati, na mbingu ilikuwa safi. Halafu harufu ya kinyesi chao, kali, inayokaa kooni. Matete yalikuwa yameinama kwa uzito. Sikuwahi kuona viumbe wengi hivyo mahali pamoja, na kila mmoja kesho ana njaa.

Nilifurahi kama mwindaji. Kisha nikaona moshi wa jiko. Kuna nyumba pale, karibu kabisa na maji, baiskeli zimepinduliwa uani magurudumu juu. Mwanamke mjamzito alikuwa anapanda kutoka bwawani na ndoo kichwani.

Ni kwa Fundi, yule anayetengeneza baiskeli za eneo zima. Fundi ni mdogo wake Mama mwenye nyumba, tumbo moja.

"Mama, mbona hukuniambia kwamba mdogo wako anakaa pale?"

"Hukuniuliza habari za mdogo wangu," alininong'oneza. "Uliuliza habari za ndege."

Jumatano, 12 Machi

Nimekwenda kwa Fundi. Nilijiandaa njiani kama mtu anayekwenda kuposa. Alikuwa anaziba pancha, hakuacha.

Nikamweleza: siku chache tu, yeye na mkewe wahamie shuleni, maji tutawaletea kutoka kisimani, kuku watafungiwa mbali.

"Halafu siku hizo zikiisha," alisema, "mimi nirudi nichote maji wapi?"

"Palepale. Tutayapima kwanza."

"Nani atayapima?"

"Idara."

Akacheka, akauzamisha mpira kwenye beseni kutafuta tundu. Aliongea bila kunitazama. "Bibi Shamba, mimi nilikuwepo ile ndege ilipokuja zamani. Tuliambiwa tusile. Nani aliyesikia? Ndege walilala chini kama embe. Watu walijaza magunia. Mama yetu alipika, akala, akatugawia. Mimi nilikuwa na homa, sikula. Baada ya hapo mama hakusimama vizuri tena. Mikono ilikuwa inatetemeka mpaka anamwaga chai. Alikwenda hivyohivyo mpaka tukamzika. Sasa niambie tena habari za idara."

Niliondoka nikimwona mtu mkaidi anayetaka kutuangusha wote kwa ajili ya jambo la zamani. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo nilivyomwona.

Alhamisi, 13 Machi

Mama anasema si kweli. "Mama yetu alikuwa na maradhi yake ya siku nyingi. Mimi ndiye niliyemuuguza, Fundi alikuwa mjini anajifunza kazi. Na mimi nilikula wale ndege. Unaniona natetemeka?" Akaninyooshea mikono yote miwili. Haikutetemeka. "Yule anapenda kulaumu kila chenye injini."

Nani nimwamini? Na je, kuna haja ya kuamua?

Ijumaa, 14 Machi

Shamba la mwenyekiti la upande wa chini limeliwa lote. Masuke yamebaki kama mifagio.

Jumapili, 16 Machi

Habari imeenea kwamba ndege haiji kwa sababu ya Fundi. Sikusema mimi. Au labda nilisema, nilipomweleza mwenyekiti kinachotukwamisha. Watu sasa wanasukuma baiskeli zao hadi kwa fundi wa kijiji cha pili. Leo nimempita uani kwake, hakuna hata gurudumu moja juu. Amekaa tu, mikono safi.

Bwana Maelekezo amepiga simu.

"Hapo bwawani kuna makazi?"

"Kuna nyumba moja."

"Nyumba moja si makazi, binti. Makazi ni nyumba nyingi. Niseme hakuna makazi?"

Nilifikiri juu ya dungu la Mama, juu ya sauti yake. Nilifikiri pia juu ya mkataba wangu, unaokwisha msimu huu.

"Kuna watu wanaishi pale," nikasema. "Na mmoja ana mimba."

"Basi wahamishe," akasema, kana kwamba ni viti.

Jumatatu, 17 Machi

Mvua kidogo asubuhi. Ndege hawajali mvua.

Jumatano, 19 Machi

Mke wa Fundi amenifuata mpaka nyumbani. Mama alimkaribisha wifi yake kwa kumsogezea kigoda bila neno, lakini alichagua kile kisichoyumba.

"Dada, mimi nitahama," aliniambia. "Si kwa sababu ya mtama wenu, msije mkanishukuru bure. Ni kwa sababu watu wameanza kunipita njiani bila salamu, na mimi siku zangu zinakaribia. Nitahitaji watu."

"Na mwenyewe?"

"Yule mwache apige kelele kwanza. Akimaliza atabeba godoro."

Jioni Fundi alikuja kweli, amesimama mlangoni, hakuingia. Alikuwa na masharti. Asiruhusiwe mtu yeyote kuokota ndege hata mmoja. Maji yapimwe na mtu ambaye yeye atamwona kwa macho yake. Halafu akaniuliza, "Na upepo ukigeuka?"

"Nitasimamisha."

"Hata dada yangu akiwa amesimama pembeni yako anakulilia?"

"Hata hivyo."

"Ni rahisi kusema ukiwa umekaa," akasema, akaondoka. Mama alikuwa jikoni, alisikia kila neno. Alipakua chakula kwa kugonga mwiko kwenye sufuria.

Ijumaa, 21 Machi

Fundi na mkewe wako shuleni, kwenye darasa la mwisho. Ndege ilikuwa ije leo. Imepelekwa kwanza kwenye shamba kubwa la kampuni, upande wa mto. Subiri maelekezo.

Jumamosi, 22 Machi

Ndege haijaja. Ndege wamekuja.

Jumapili, 23 Machi

Vilevile.

Jumatatu, 24 Machi

Vilevile. Sili vizuri. Kila injini ya pikipiki inaniinua kwenye kiti. Mama amefunga masuke ya mstari mzima kwa matambara, moja moja, kama anavisha watoto wachanga. Ndege wamejifunza kuyatoboa.

Jumanne, 25 Machi

Ni kesho. Rubani amethibitisha. Nimepita nyumba kwa nyumba: kesho alasiri kila anayekaa upande wa bwawa aende shuleni, watoto wasibaki, kuku ndani, visima vifunikwe. Watu wananishika mkono. Mzee yule wa swali la mkutanoni ameniita mkombozi. Afadhali asingesema hivyo.

Jumatano, 26 Machi

Naandika mikono ikiwa bado ina vumbi. Niandike kwa mpangilio.

Alasiri upepo ulikuwa mzuri. Nilikuwa nimesimika mti mrefu kwenye kichuguu, kati ya barabara na bwawa, nikafunga kitambaa juu yake. Kilielekea bwawani, mbali na shule, taratibu, kama kilivyotakiwa. Dereva wa idara aliniletea redio ya kuongea na rubani. Nilikuwa na vitambaa viwili vya mkononi, cheupe cha kuruhusu, chekundu cha kukataza. Watu wote walikuwa shuleni nyuma yangu. Nilisikia watoto wakiimba.

Mama alikuja. Nilimwambia arudi.

"Sirudi. Shamba linaloliwa ni langu. Nataka kuona."

Jua lilipoanza kushuka ndege walirudi kulala. Walipita juu yetu kundi baada ya kundi, mpaka anga ikawa na rangi ya moshi. Halafu nikaisikia ndege. Sauti nyembamba kwanza, kama ya mashine ya kusaga iliyo mbali. Kisha rubani akaniita redioni.

"Chini, chini, nawaona. Nipe upepo."

Nikaangalia juu. Kitambaa kilikuwa kimelala. Nilisema, "Subiri." Kikainuka kidogo, kikalala tena. Kisha nikasikia ile harufu ya kinyesi, kali, inayokaa kooni. Kabla ya hapo sikuwa nimeisikia hata kidogo. Ilikuwa inatoka bwawani, ikija kwetu. Nikatazama juu, kitambaa kilikuwa kimegeuka. Kilielekea shuleni. Hakikuwa kinapepea sana, ila hakikuyumba.

"Chini, nahitaji jibu. Giza linaingia, nina mzunguko mmoja tu."

Simu ikalia mfukoni. Bwana Maelekezo.

"Kuna nini huko? Rubani anasema humjibu."

"Upepo umegeuka."

"Umegeuka kiasi gani?"

"Umegeuka. Unakwenda shuleni. Nimewakusanya watu wote shuleni."

"Upepo hugeuka, binti. Unaweza kugeuka tena sasa hivi. Unajua tumehangaika kiasi gani kuipata hiyo ndege?"

"Kwa hiyo unaniagiza niruhusu?"

Nilimsikia anavuta pumzi. "Wewe ndiye uliye chini," akasema. "Mimi sipo hapo."

Mama akanishika mkono, ule wenye kitambaa cheupe. Sauti haikuwa imemrudia, ilitoka kama karatasi inayochanika. "Mwanangu, puliza. Ni upepo mdogo tu huu. Hautafika. Puliza, nakuomba. Sina kingine."

Hajawahi kuniomba kitu tangu nihamie kwake.

Niliinua chekundu.

Niliinua kwa mkono mwingine, maana ule hakuuachia. Ndege ilipita juu yetu chini sana, niliona magurudumu na madoa ya kutu tumboni mwake. Nilifikiri rubani hakuniona. Nilifumba macho nikangoja kuhisi matone usoni. Hakukuwa na tone. Bwawa zima liliinuka kwa ule mngurumo, likazunguka angani, likatua tena palepale.

"Nimeona nyekundu. Narudi kituoni."

"Utarudi kesho?"

"Kesho nina kazi kwingine, dada. Sipangi mimi. Pole."

Mama aliuachia mkono wangu. Alitembea mbele yangu kurudi, wala hakugeuka.

Shuleni walikuwa wanashangilia. Walisikia ndege ikipita, wakadhani tayari. Watoto walikimbia kunipokea. Mwenyekiti alikuwa ameshaanza kusema maneno ya shukrani.

"Haikupuliza," nilisema. Nilirudia, kwa sababu hawakuelewa. "Nimeizuia. Upepo ulikuwa unakuja huku."

Nilidhani watapiga kelele. Walianza tu kukusanya mikeka. Fundi alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha darasa. Aliinuka akaingia ndani kumwambia mkewe.

Tulipokuwa njiani kurudi, kabla giza halijashika sawasawa, upepo ukatulia kabisa. Hata jani halikucheza. Kila mtu aliyekuwa na ngozi alijua hivyo.

Alhamisi, 27 Machi

Chakula changu nimekikuta nje ya mlango, kimefunikwa. Hakubisha hodi.

Ijumaa, 28 Machi

Najiuliza swali lilelile. Ningengoja kidogo? Ningemwambia azunguke mara moja zaidi? Alisema hana mafuta, au alisema hana mwanga? Sikumbuki, nami nilikuwepo. Na kama ningeruhusu, na kama dawa ingefika shuleni? Nani atanishukuru kwa kikohozi ambacho hakukohoa? Ninachoweza kuwaonyesha ni masuke matupu, basi.

Jumamosi, 29 Machi

Nimeamka nikaacha kujiuliza. Mtama wa maziwa unaliwa, ila ulioanza kukaza unaweza kukatwa mapema, ukakaushwa chini ya ulinzi. Utakuwa mwepesi, utapungua, lakini utakuwa wetu. Nimezunguka kuwaambia watu. Wengi wamenisikiliza kwa kutazama miguu yangu. Mzee aliyeniita mkombozi alifunga mlango wakati bado naongea.

Nimeanza na shamba la Mama. Sikuomba ruhusa. Nimechukua kisu nikaingia upande wa juu, uliokaza. Baada ya muda nikasikia kisu cha pili, mistari kadhaa mbali nami. Ni Mama, akikata huku amenipa mgongo.

Jumapili, 30 Machi

Fundi amekuja shambani kwa dada yake na rimu za baiskeli amezifunga kamba. Alisimama upande wa chini, wenye ndege wengi, akaanza kuzigonga. Makelele ya kutoa jino. Ndege waliinuka. Mama, juu ya dungu, aliangalia upande wake, akaangalia upande mwingine. Mchana alishusha kibuyu cha maji, akakiacha katikati ya shamba, mahali ambapo hakuna aliyekuwa amekaa. Fundi alikwenda akanywa.

Wameshinda hivyo, mmoja huku, mwingine kule.

Alhamisi, 3 Aprili

Wengine wameanza kukata. Nyua zote zina mikeka na watoto wenye fimbo. Mke wa Fundi amejifungua jana, mtoto wa kike. Wanawake wamekwenda. Mama alitoka na kanga mpya imekunjwa kwapani, akaniambia anakwenda dukani. Duka haliko upande ule.

Jumanne, 8 Aprili

Ndege wamekwenda. Hakuna aliyewafukuza. Asubuhi waliinuka kutoka bwawani, wakazunguka, wakaelekea upande wa mto, na jioni hawakurudi. Nimesimama kwenye matete mpaka nikaamini. Ungedhani ningefurahi. Niliwaza tu sasa ni zamu ya shamba la nani.

Bwana Maelekezo amepiga. Anataka maelezo ya kwa nini ndege ya serikali ilirudi na dawa yake. Nikamkumbusha mazungumzo yetu.

"Mimi sikuwahi kukuambia upulize," alisema.

"Wala hukuniambia nisipulize."

"Basi tunaelewana. Habari ya mkataba wako, subiri maelekezo."

Jumamosi, 12 Aprili

Mkutano, uwanja wa shule. Mwenyekiti alisema ajenda ni moja: wapo wanaotaka barua iende idarani, bibi shamba aondolewe. Alisoma kwa sauti ya mtu anayesoma jina la marehemu asiyemfahamu. Nilikaa mbele, nikatazama kucha zangu.

Wakazungumza. Shamba la huyu limekwisha, la yule limebaki robo. Mmoja akasema, "Upepo! Tulikuwa hapa, nani aliyehisi upepo?" Watu wakaguna kumkubalia. Fundi aliinuka kutaka kujibu, wakamzomea akae, yeye ndiye aliyeleta nuksi tangu mwanzo.

Ndipo Mama akasimama. Sauti yake imerudi, ile yenyewe ya King'ora, na hakuhitaji mtu anyamaze.

"Mimi nilihisi," alisema. "Nilikuwa pembeni yake. Niliuhisi hapa." Akajigusa shavu. "Ulikuwa unatoka bwawani unakuja kwenu. Nilijua kwamba mko huku. Nilijua mdogo wangu yuko huku, na wifi yangu na tumbo lake. Nikamshika mkono huyu binti nikamwambia puliza. Niliyasema hayo mimi, kwa akili zangu timamu, kwa sababu ya mtama. Sasa mkiandika barua, andikeni na hilo."

Alikaa. Hakuna aliyejua pa kuweka macho. Mwenyekiti alikunja karatasi yake mara mbili, akauliza kama kuna mengineyo. Hakukuwa na mengineyo.

Fundi alikuwa bado amesimama. Alikwenda akakaa karibu na dada yake, si karibu sana.

Nyumbani nilimkuta Mama amekaa kwenye mkeka uani, anachambua punje. Nilisimama. Nilitaka kusema asante, akaniwahi.

"Usidhani nimekusamehe."

"Sidhani, Mama."

"Mtama wangu ulikuwa mzuri mwaka huu."

"Ulikuwa mzuri."

"Ulikuwa mzuri sana."

"Najua, Mama. Ulikuwa mzuri sana."

Aliendelea kuchambua, punje nyepesi huku, nzito kule. Kisha akasogea pembeni ya mkeka, bila kuinua uso, nafasi ya mtu mmoja. Nikavua viatu nikakaa.